Baraza la Kutulia Mizigo

Nikinusa saruji mbichi, hasira zinanipanda. Najua watu wengi wanaipenda harufu hiyo. Juzijuzi nilikwenda kwa mdogo wangu, anajenga, mafundi wamemwaga jamvi la zege sebuleni, na shemeji yangu kasimama mlangoni anavuta pumzi hadi kifua kinamvimba. "Aah," anasema, "hii inanukia maendeleo." Nilisonya kwa nguvu hadi fundi mmoja akageuka kuniangalia. Nikachukua mkoba wangu nikaondoka bila kunywa chai. Mdogo wangu akanipigia simu jioni kuniuliza nimekosewa nini. Nimekosewa, ndiyo, ila aliyenikosea si yeye.

Na kuna jambo jingine linaloniudhi, bora niliseme hapahapa. Ukisema unatoka Kyela, watu wanakuuliza habari za mchele. Sawa, mchele wetu unanukia, sibishi. Lakini ukiwaambia mji wetu ulikuwa na mtaa wa kale, wanacheka. Eti mambo ya kale ni ya Kilwa na Bagamoyo, Kyela kulikuwa na migomba na mbu. Thubutu! Nyie wa rika langu mliocheza pale mnajua ninachokisema. Kama mtaa haupo leo, haina maana haukuwepo. Haupo kwa sababu tuliubomoa wenyewe, tena huku tukipiga vigelegele.

Ulikuwa mtaa mmoja tu, unatoka sokoni hadi pale malori ya mpakani Kasumulu yalipokuwa yakipakia. Upande huu maduka, upande ule maduka. Kuta zake za matofali ya kuchoma zilipakwa chokaa, na zilikuwa nene hivi kwamba watoto wawili tulikaa dirishani tukiwa tumekunja miguu. Mabati yalikuwa ya zamani, mazito, yenye kutu nyekundu, na mvua ya kwetu ikianza kuyapiga, mteja na mwenye duka walielewana kwa vidole. Milango ya mninga ilikuwa na nakshi za majani juu yake, kazi ya mafundi wa pwani. Nikifumba macho naipata harufu ya chokaa iliyolowa, dagaa wakavu wa ziwani tunaowaita usipa, mafuta ya taa, na mafuta ya cherehani ya Fundi Hamisi. Mbele ya maduka kulikuwa na mabaraza, na hayo ndiyo yanayonifanya nishindwe kunyamaza.

Baraza ninalolisemea hasa lilikuwa la nyumba ya Bi Zuhura. Alikuwa mama mnene, Mwislamu, mwenye duka la kanga na chumvi. Babu yake alikuja na biashara kutoka Kilwa, akaoa hapa, akajenga. Baraza lake lilikuwa refu, lenye nguzo za mbao, na lilikuwa juu mno. Sisi watoto tulipanda kwa ngazi za mawe zilizokuwa pembeni, maana kutoka barabarani hatukuona hata sakafu yake. Siku moja nikamuuliza Bi Zuhura kwa nini walijenga baraza juu hivyo, au wanaogopa mafuriko.

"Mafuriko nayo yamo," akasema. "Lakini babu yangu hakupima kwa mafuriko. Alimsimamisha mama mmoja wa Kinyakyusa hapo barabarani, ana mkungu wa ndizi kichwani, akafunga uzi chini kidogo ya bega lake. Akawaambia mafundi, jengeni hadi hapa, msizidishe wala msipunguze. Wateja wangu ni wanawake, na mwanamke hawezi kununua kitu shingo ikiwa imekaza. Kwanza atue."

Ndivyo ilivyokuwa. Mwanamke alifika na furushi lake kichwani, akasogea kwenye ukingo wa baraza, akainamisha kichwa kidogo, na mzigo ukateleza wenyewe ukakaa juu. Hakumwita mtu. Akimaliza shughuli zake, alirudi palepale, akapitisha kichwa chini ya kapu lake, akanyanyuka nalo na safari ya nyumbani ikaanza. Ukingo ule ulikuwa umelika kwa mizigo ya miaka na miaka hadi ukawa laini. Nilipenda kupitisha kiganja juu yake. Hakuna aliyetozwa kitu, na hata mtu ambaye hakununua chochote kwa Bi Zuhura alitua pale.

Sasa nimlete Bibi yangu. Alikuwa mama yake baba, mjane, akiishi peke yake kijijini Talatala katika nyumba yake iliyozungukwa na migomba na kakao, na shamba la mpunga bondeni. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye maneno machache na yote makali. Zamani alianguka akivuka mto na mzigo, na tangu hapo mkono wake wa kushoto haukupanda juu ya bega. Kujitua mzigo kwa mkono mmoja hakuweza. Lakini kila siku ya soko alikuja mjini na mchele wake kichwani. Kule kwake binti wa jirani alimtwika, na huku mjini baraza la Bi Zuhura lilimtua. Mimi nilikuwa namngoja juu ya baraza, na kitu cha kwanza nilichokiona ni mchele unakuja, halafu ndiyo uso wa Bibi unatokea chini yake.

"Mwagonile, Bibi!" nilimwamkia kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, mjukuu wangu," akaitikia. "Shika kapu lisianguke."

Baba, aliyekuwa akiendesha mashine ya kukoboa mpunga pale Mbugani tulikokaa, hakupenda safari zile. Alitaka Bibi ahamie kwetu, shamba lilimwe na wengine. Kila wiki ulikuwa wimbo uleule. "Mama, umri umekwenda. Watu wananisema. Angalau basi uwe unaomba mtu akusaidie kutua."

"Ukimwomba mtu akutue leo," Bibi akamjibu siku moja mbele yetu sote, "kesho atakuuliza kwa nini umebeba. Kesho kutwa atakwambia usibebe. Nisikilize, mwanangu. Siku nitakaposhindwa kutua mzigo wangu mwenyewe, nitakuja kukaa hapa kwako. Sitabishana. Lakini mpaka siku hiyo niache na shamba langu."

Mama akacheka kichinichini kwenye kanga yake.

Basi ikaja ile miaka ya ruksa. Mnaikumbuka. Tulitoka kwenye foleni za sabuni, ghafla kila kitu kikaruhusiwa. Sukari ya Malawi, betri, redio, vitenge, vyote vikamiminika kupitia Kasumulu. Sisemi foleni zilikuwa nzuri, Mungu wangu, nani anataka kurudi kule? Lakini pamoja na sukari likaja pepo la kuona kila cha zamani ni aibu. Wenye maduka upande wa pili waliziba mabaraza yao kwa tofali za saruji na nondo, wapate vyumba vya kupangisha. Mmoja alianza, wenzake wakafuata. Milango ya mninga iling'olewa ikawekwa ya chuma, na wengine waliifanya kuni za kupikia maandazi. Kuni! Nakshi ya mtu aliyekaa miezi akichonga jani moja moja!

Bi Zuhura naye alizeeka, watoto wa kaka zake wakaja kutoka pwani, wakamchukua, wakaiuza nyumba. Aliinunua bwana mmoja tuliyemwita Kandambili, kwa sababu alianza maisha kwa kuvusha kandambili kutoka ng'ambo ya mto Songwe, kule Malawi. Mbele yake tulimwita Bosi. Nisimsingizie, alikuwa mtu wa jasho na hakumwibia mtu. Kosa lake ni kwamba alijipenda mno, na mji mzima ulimsaidia kujipenda.

Siku moja nikiwa barazani nikaona vijana wawili wanapima nguzo kwa utepe. Mimi utepe niliujua kwa Fundi Hamisi tu, aliyekuwa anashona palepale barazani. Fundi Hamisi akikupima kifua na kiuno, basi Krismasi au Idi una gauni jipya. Kwa hiyo nikaelewa, kwa akili zangu za darasa la tatu, kwamba nyumba ya Bi Zuhura inashonewa nguo. Nikamwuliza mmojawapo: "Mnaipimia nguo?" Akamtazama mwenzake, akatabasamu. "Ndiyo, binti. Mpya kabisa."

Siku ya soko nikamwambia Bibi kwa furaha, nikirukaruka. Bibi akacheka, akawasimulia wenzake. Wakakubaliana kwamba itakuwa inapakwa rangi, na ilistahili, masikini, chokaa ilikuwa inabanduka. Hadi leo lile tabasamu la yule kijana nikilikumbuka natamani kumtafuta. Mtu mzima unamuona mtoto amefurahi kwa jambo ambalo halipo, unamwongezea uongo juu yake, unaendelea na kupima?

Habari za kweli zikafika: baraza linabomolewa lote, mbele itamwagwa sakafu ya saruji sawasawa na barabara, magari yaegeshe hadi mlangoni. Bibi akamfuata Bosi dukani, nami nikiwa nimeshika kanga yake.

"Baba," Bibi akasema kwa heshima, "ndani ni kwako, hatuna neno. Lakini hapa nje tunatua mizigo sisi wanawake. Tubakizie hata kipande, pale kwenye ngazi."

Kandambili akacheka vizuri tu, bila ubaya. "Mama yangu, baraza hili limechoka. Linaleta matope na watu wa kupiga soga. Usiwe na wasiwasi. Nitaweka vijana hapa, kazi yao kuwatua kina mama. Utatuliwa kama malkia."

"Sitaki kutuliwa, baba. Nataka kutua."

"Si ni yaleyale, mama?"

Bibi akageuka kuelekea mlangoni. Tulipotoka nje, kina mama wenzake wakamwambia yale maneno ya siku zote, mwenye nguvu mpishe. Hata Baba alisema hivyohivyo jioni ile, na nadhani moyoni alifurahi kidogo. Nyundo zilianza wiki hiyohiyo. Tofali za baraza lile zilikuwa ngumu, zikiwatoa mafundi jasho, na sisi watoto tulifurahia kila zilipogoma. Fundi Hamisi alibeba cherehani yake akahamia chini ya kibanda cha mabati sokoni. Ndipo nilipoijua harufu ya saruji mbichi. Walimwaga sakafu tambarare inayong'aa, na siku kadhaa ilinuka mtaa mzima.

Kwa siku za soko zilizofuata Bibi hakuja, kulikuwa na mvua na kazi za shamba. Alipokuja, ilikuwa siku Kandambili anafungua duka. Hakujua. Ngoma zinalia, bendera za karatasi zimefungwa, wakubwa wa mji wamekaa kwenye viti vilivyopangwa juu ya ile saruji, na Bosi kasimama mlangoni kwake kavaa suti. Vijana wa kutua mizigo aliowaahidi? Hakuwapo hata mmoja. Sikuwahi kuwaona, siku ile wala siku nyingine.

Nilimwona Bibi akitokea upande wa Talatala, gunia la mchele kichwani, anatembea wima. Akafika palipokuwa na baraza. Akasimama. Akatazama upande wa pili, nondo tupu. Akatembea hadi mwisho wa mtaa, akarudi. Mimi nikamkimbilia, nikanyoosha mikono, sikufika hata kwenye kidevu chake. "Nikuitie mtu, Bibi?" Akasema hapana. Shingo yake ilikuwa inatetemeka, naliona jasho linamtiririka shingoni. Kulia kwake watu, kushoto kwake watu, wote wanamtazama Bosi. Akasogea kwenye ile saruji mpya, kwa sababu kwingine kote kulikuwa matope na mchele ungelowa. Akapiga goti moja. Akapiga la pili. Akainama mbele polepole hadi paji la uso likakaribia chini, na gunia likateleza likatua.

Mnajua kwetu mwanamke akimwamkia mkubwa hupiga magoti. Bibi alikuwa ameinama kuelekea mlangoni kwa Kandambili. Ngoma zikanyamaza kidogo. Kandambili akaweka mkono kifuani, uso umejaa furaha, akaitikia kwa sauti ya kusikika hadi sokoni: "Ndaga, mama! Ndaga sana! Inuka, mama yangu, inuka!" Watu wakapiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele. Mkubwa mmoja akasema, "Hiyo ndiyo heshima." Kisha Bosi akawaashiria vijana wake, wakalibeba gunia wakaliingiza ndani, kwamba mama kaleta zawadi.

"Ni mchele wa kuuza huo," Bibi akasema akiwa bado chini. Nilisikia mimi peke yangu, maana ngoma zilianza tena. Nikapiga kelele, "Si zawadi! Anatua mzigo! Anatua tu!" Mama mmoja akanifunika mdomo kwa kiganja, eti naharibu shughuli. Mchele wa Bibi ulipikwa pilau siku ileile, na wageni wakasifu unavyonukia.

Baba alipopata habari alitaka kwenda kuudai. Bibi akamkataza. Alikaa kwenye kigoda cha jikoni kwetu, kavua kanga ya kichwani, anaisugua shingo. "Nilikuahidi," akamwambia. "Nimeshindwa kutua. Nitafutie pa kulala." Baba, aliyeililia siku hiyo kwa miaka, hakuwa na furaha hata chembe. Akatoka nje akasimama uani akitupa mgongo.

Bibi akahamia Mbugani, kwenye chumba tulicholala mimi na dada. Shamba likalimwa na watu wengine. Hakuwa mgonjwa, lakini hakuwa na kazi, na mtu aliyezoea kwenda ukimkalisha anaisha. Alikaa mlangoni akichambua mchele wa dukani na kuulalamikia. Na huko mtaani Kandambili aliendelea kukaa kwenye kiti mlangoni pake siku za soko, akisifia jinsi kina mama wa shamba wanavyomheshimu. Mimi nikipita pale natema mate pembeni. Mama alinichapa kwa hilo, na sikuacha.

Bibi alifariki nikiwa sekondari. Tulimrudisha Talatala, tukamzika nyuma ya nyumba yake, kwenye migomba. Watu walijaa. Kandambili naye akaja, amenenepa, kabeba sukari na mchele wa msiba, maana wakati ule alikuwa anautaka udiwani na hakukosa kilio hata kimoja. Baada ya maziko wakampa nafasi aseme.

"Mama huyu simsahau," akaanza, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli, hilo ndilo lililonichoma zaidi. "Siku nafungua duka langu alitoka hapa kwa miguu, na zawadi ya mchele kichwani, akapiga magoti mbele yangu. Wazee wetu waliyaheshimu maendeleo. Vijana mjifunze."

Nikasimama. Sikuwa nimepanga. Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake, nikajikuta nimesimama.

"Bibi hakukupigia magoti," nikasema. "Alikuwa anatua mzigo. Mkono wake ulikuwa haupandi, na pa kutua ulipabomoa. Na ule mchele haukuwa zawadi. Mliula!"

Shangazi akanivuta sketi hadi nusura inivuke. Mzee mmoja kwenye benchi akafoka, "Mtoto wa nani huyu? Kaa chini!" Kandambili akainua mkono kwa upole. "Mwacheni, jamani. Ana uchungu wa bibi yake, haelewi anachosema." Watu wakaguna kukubali, na mimi machozi yakaanza kunitoka kwa hasira, maana nilijua ndivyo itakavyoisha.

Ndipo mama mmoja mzee, aliyekuwa akileta usipa mjini miaka ile, akasema palepale alipokaa, bila hata kuinua uso: "Hata mimi nilipiga magoti pale. Nilikuwa na tenga la samaki."

Kisha mwingine, karibu na jiko: "Hata mimi."

"Na mimi. Nilikuwa na mimba ya huyu," akasema wa tatu, akimgusa binti yake.

Wakaendelea, mmoja hapa, mmoja kule, hadi wanaume wakaacha kugeuza vichwa kumtafuta anayesema. Kandambili alikuwa amesimama katikati, kofia mkononi. Akawatazama.

"Lakini mama zangu," akasema, "mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambia saa ngapi, baba?" akajibu yule wa usipa. "Goti likigusa chini tu, wewe ulikuwa umeshaitikia."